Nafasi Kati ya Michi Miwili

Tukiran ni mtu mwema. Nalisema hilo mapema kwa sababu muda si mrefu mtatamani kumzaba kofi.

Ijumaa ile asubuhi, karnaval, yaani maandamano yetu ya muziki, ikiwa ni Jumapili, mama yake alimletea beseni zima la peyek, zile chapati kavu za karanga zinazovunjika ukizitazama vibaya. Zilikuwa za wageni, na zikikaa wazi zinalegea. Basi Tukiran akazunguka nyumba nzima akitafuta chombo chenye mfuniko. Kwenye meza ya kazi ya mkewe akakuta makopo mawili ya biskuti, yale mekundu yenye picha ya mama na watoto wamekaa mezani. Akafungua la kwanza: vidude vyeusi vya miguu mitatu. Akafungua la pili: vidude vyeusi vya miguu mitatu. Vyote vimekwanguliwa namba kwa msasa, sura moja, rangi moja. Akaona mkewe anapoteza nafasi bure. Akamimina la pili ndani ya la kwanza, akatikisa vijipange vizuri, akaosha kopo tupu, akalikausha juani, akapanga peyek ndani yake moja moja kama mtu anayepanga mayai. Kisha akasimama mikono kiunoni kuitazama kazi yake, utadhani amejenga daraja.

Mkewe jina lake ni Wijiati, lakini hapa Sumberwangkal mkubwa kwa mdogo tunamwita Mbak Wiji, maana yake dada Wiji. Nyumba yake na yangu zinatumia kisima kimoja. Mimi ni seremala wa masanduku ya spika, yeye ni fundi wa kinachoyatia sauti masanduku hayo, kwa hiyo kutwa tuko pamoja, tukibishana.

Alikwenda Taiwan akiwa msichana, akakaa miaka kwenye kiwanda cha kutengeneza mashine za kuchajia na kugeuza umeme. Wenzake waliorudi kutoka kule wamejenga nyumba za vigae zenye nguzo nne mbele. Wiji alirudi na sanduku la vipuri na kichwa kilichojaa mambo ya swichi. Mama mkwe alipofungua sanduku akitafuta zawadi, alikuta koili za waya wa shaba. Akaziinua juu. "Hizi ni bangili?"

Mnajua huku kwetu Java, chini ya mlima wa volkano Kelud, tunavyopenda kelele. Mwezi wa nane ukifika kila kijiji kina karnaval yake, na kila karnaval ina malori yake. Nyuma ya lori unapanga ukuta wa spika mpaka ushindane na paa za nyumba, jenereta mbele, amplifaya katikati, wachezaji nyuma na mavazi yao ya manyoya na vioo. Besi ikipiga, kahawa inatetemeka kwenye kikombe nyumba ya tatu. Mbah Lamiyem, bibi wa kona ya msikiti, asubuhi ya karnaval anashusha sahani zake zote kutoka kabatini na kuzilaza kitandani chini ya blanketi. Halafu jioni analalamika: "Mwaka huu sauti ndogo. Hata kigae kimoja hakikuanguka."

Sasa, amplifaya za zamani zilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, na zilikula umeme nusu zikautapika kama joto. Ungeweza kukaangia yai juu yake. Za siku hizi, zile anazotengeneza Wiji, ni nyepesi na zinabaki baridi. Nilimuuliza siku moja inakuwaje. Hakunichorea kitu. Alinipeleka nyuma ya nyumba kwenye kinu cha kutwangia mpunga.

"Umeona watu wawili wakitwanga kwa zamu?" akaniuliza. "Mmoja anashusha, mwingine anapandisha. Ndani ya amplifaya yangu kuna transista mbili zinatwanga hivyo hivyo. Moja inafungulia umeme wa juu, nyingine wa chini, kwa zamu, mara laki kadhaa kwa sekunde moja. Hazikai nusu wazi hata kidogo, kwa hiyo hazipati moto."

"Na zikishuka pamoja?"

"Michi ikigongana kinuni, kinatokea nini?"

"Kinu kinapasuka. Au meno ya mtu."

"Basi ndiyo hiyo. Zikifunguka zote mara moja, umeme wote unapita kati yao moja kwa moja. Pa! Kwisha. Kwa hiyo unaweka nafasi. Huyu akishatoka, unangoja kidogo tu, ndiyo yule anaingia. Ukingoja mno, sauti inakwaruza. Ukingoja pungufu, zinaungua. Ufundi wote uko kwenye hiyo nafasi, kaka. Mengine ni kulehemu tu."

Na hiyo nafasi ndiyo ilikuwa siri yake. Sehemu inayoipima, sakiti ndogo isiyozidi ukubwa wa stempu, aliifunika kwa gundi nyeusi ngumu kama mfupa, akaacha tundu moja tu la bisibisi kwa ajili ya skrubu ya kurekebishia. Transista zenyewe, vile vidude vya miguu mitatu, alizikwangua namba. Hakuna wa kumlaumu, mafundi wote wa huku wanafanya hivyo. Amplifaya ikitoka dukani kwako na namba zake wazi, kabla ya Ijumaa inayofuata kijiji jirani wameshakunakili.

Makopo mawili yalikuwa na kazi mbili. La kwanza lilikuwa la transista za mbio, za amplifaya. La pili lilikuwa la transista za nguvu, zinazobeba mzigo mkubwa lakini nzito kuamka. Hizo ni za kisanduku chake kingine, kile kinachodhibiti umeme wa jenereta ili besi ikipiga taa zisizimike na jenereta lisikohoe. Anayejua kopo lipi ni lipi alikuwa Wiji peke yake. Na sasa, shukrani kwa peyek, hata yeye hakujua.

Jueni pia jambo moja ndipo mwelewe kwa nini jambo hili lilikuwa zito kwa Wiji. Miaka yote kijiji chetu kilikodi sauti kutoka kijiji jirani cha Karangtengger kwa Pak Murtaji, yaani bwana Murtaji, mzee mwenye tumbo na malori matatu. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, kamati ilisema sauti itoke kwetu, kwa Mbak Wiji. Na wakati huohuo Bu Hartini, mama mmoja wakala wa mjini anayepeleka watu ng'ambo, alikuwa amempatia Wiji nafasi ya kurudi kiwanda kile kile Taiwan. Mkataba wa miaka mitatu. Jibu lilitakiwa Jumatatu. Binti yao Ratri alikuwa ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza, na alikuwa na tabia ya kulala ameshika sikio la mama yake.

"Nimemwambia Mas Tukiran wazi," Wiji alinieleza. Mas ni kaka, na ndivyo anavyomwita mumewe. "Lori likiimba vizuri Jumapili, vijiji vitaniita, nabaki. Likizimika mbele ya watu, nani atanikodi tena? Nasaini."

Ndiyo maana kijiji kizima kilikuwa kinapita mbele ya nyumba yao kikijifanya kinaelekea dukani.

Ijumaa alasiri aliwasha kwa majaribio amplifaya mpya, aliyoilehemu mchana ule kutoka kopo la kwanza. Nilikuwepo, nimeleta sanduku la mwisho. Akachomeka. Taa ya kijani ikawaka. Akaongeza sauti kidogo. Ikanguruma kama chura. Akakunja uso. Akanyoosha mkono aizime.

Pa!

Moshi mweupe. Mbah Lamiyem, barabarani, akapaza sauti: "Hiyo nimeisikia! Nzuri hiyo!"

Wiji alichomoa waya. Alifungua, akatazama, akabandua transista zilizopasuka matumbo moja baada ya nyingine, akabandua moja iliyobaki nzima. Akachukua mita, akapima ile nzima. Akapima nyingine kutoka kwenye kopo. Na nyingine. 

"Mas," aliita taratibu. "Kopo la pili liko wapi?"

"Lipi?" Tukiran alikuwa jikoni.

"La biskuti. Lenye picha."

"Aa, lile! Nimekutengenezea nafasi mezani." Akatokea akitabasamu, amelikumbatia. "Onja peyek, mama katia majani ya ndimu."

Sitawaambia yaliyosemwa dakika chache zilizofuata. Yalisemwa kwa Kijava cha haraka sana, na peyek kadhaa zilipoteza maisha. Mwisho Tukiran alikuwa amekaa kizingitini, kichwa mikononi.

"Lakini zilifanana," akasema.

"Zilifanana kwa sababu mimi nilizifananisha!" Wiji akajibu, na hapohapo akaanza kucheka, kile kicheko kinachokaribia kilio. "Niliwafichia watu wa Karangtengger, kumbe najifichia mwenyewe."

Alizichambua zote kwa mita mpaka jua linazama. Kila transista ina mlango wake unaopaswa kujazwa umeme kidogo kabla haijafunguka. Za mbio zinajaa upesi, za nguvu zinachelewa. Akapata mafungu mawili, safi kabisa. Tatizo likaja kwenye fungu la mbio. Zile alizolehemu zikiwa zimechanganyika na za nguvu ndizo zilizogonga michi na kuungua. Zilizobaki zisingetosha hata nusu ya lori. Duka la vipuri la mjini Surabaya likasema mzigo kama ule wa mwanzo utafika Jumanne.

"Jumanne nitakuwa natafuta koti la baridi," Wiji akasema.

Tukiran akainua kichwa. "Murtaji anazo."

"Umejuaje?"

"Mpwa wake si alinunua amplifaya yako mwaka jana? Unadhani alinunua asikilize nyimbo za dangdut? Ameipasua huyo, amekagua mpaka utumbo."

Wiji akaweka mita chini. Kisha akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayekunywa kahawa kwenye nyumba zote mbili, yake na ya Murtaji.

Jumamosi asubuhi tukaenda Karangtengger kwa pikipiki, mimi nikiendesha. Pak Murtaji alikuwa uani, sarong, yaani kikoi, mpaka kifuani, analisha kuku. Juu ya bati la banda la kuku, jua likipiga waziwazi, alikuwa ameweka amplifaya mbili, zimewashwa, waya zimening'inia. Nikadhani nyumba yake inavuja na anazikausha.

"Asalaam aleikum, Pak."

"Waaleikum salaam! Lo, Mbak Wiji mwenyewe!" Akajifuta mikono kwenye sarong. "Umekuja kukodi lori? Nimesikia mlipuko wenu mpaka huku. Kuku wangu wamegoma kutaga."

"Pak, nisaidie transista. Nitakurudishia Jumanne, idadi ileile."

"Za namba gani?"

 Jogoo mmoja akawika.

"Za... zile ninazotumia mimi."

"Ndiyo. Namba gani?"

"Pak Murtaji, unajua nimezikwangua. Na karatasi ya duka niliitupa, isionekane."

Mzee alimtazama. Tumbo likaanza kutikisika kabla sauti haijatoka, kisha akacheka mpaka akaegemea banda, na bati likalia. "Mimi! Unaniuliza mimi kilichomo ndani ya mashine yako! Mwanangu, nimemaliza kiangazi kizima nikitafuta hizo transista ni zipi. Nimenunua za kila duka. Nimeunguza jenereta. Mke wangu alihamia kwa dada yake wiki mbili kwa harufu ya moshi!"

"Lakini ulizipata?"

"Nilizipata," akasema, na akajivuna kidogo, si haba. Akaingia ndani akatoka na kopo. La biskuti, jekundu, mama na watoto mezani. Akalifungua. Zilikuwa humo, nyeusi, miguu mitatu, nazo zimekwanguliwa namba.

Wiji akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Na wewe!"

"Mpwa wangu ni mdokozi," akasema Murtaji.

Akafunga kopo, lakini hakumpa. Akalishika tumboni. "Pesa sitaki. Jumanne yako sitaki. Nataka kitu kimoja. Ile gundi nyeusi. Nimeikwangua, nimeichemsha, nimeilaza kwenye petroli. Kila nikiitoa inatoka na vilivyo chini yake. Zangu zinapiga, lakini zinakwaruza, na watu wanasema za yule dada zinapiga kama ngoma ya ngozi. Chini yake kuna nini?"

 Hicho kitu kidogo kama stempu ndicho pekee Wiji alichomzidi nacho mzee mwenye malori matatu. Akitoa, Murtaji ataweza kuchukua kila karnaval kuanzia hapa mpaka pwani. Asipotoa, kesho lori letu litakuwa bubu, na siri itapanda ndege naye kwenda Taiwan, ikakae miaka mitatu kwenye bweni la wafanyakazi.

Alitazama zile amplifaya juu ya bati kwa muda, kana kwamba anahesabu jambo. Kisha akachukua kipande cha mkaa kwenye jiko la uani, akachuchumaa, akaanza kuchora sakafuni.

"Hii inawasha upesi, hii inazima upesi zaidi," akasema. "Usizipe njia moja. Kuingia iwe na njia yake nyembamba, kutoka njia yake pana. Halafu hapa, skrubu."

Murtaji akachuchumaa naye, kwa shida. "Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

"Vitu vinne?"

"Vitano, na waya huu."

"Mama yangu!" Mzee alishika kichwa. "Mimi nilikuwa nautoa umeme na kuuingiza kwa mlango mmoja! Ndiyo maana! Ndiyo maana!" Akanyang'anya mkaa. "Kwa hiyo ukiweka hapa koili..."

"Usiweke koili hapo!"

"Kwa nini nisiweke?"

"Italia kama mbu!"

"Inalia! Inalia kama mbu! Nilidhani ni spika!"

Wakaanza kusema wote kwa pamoja, kila mmoja akimkata mwenzake, mkaa ukienda mkono huu na kurudi, mpaka uani pote pakawa peusi na kuku wanakanyaga michoro. Mke wa Murtaji alileta kahawa, ikapoa, akaleta nyingine, ikapoa. Mimi nilikunywa zote. Sijawahi kumwona Wiji hivyo. Miaka yote alikuwa na hiyo furaha ndani peke yake, hana mtu wa kumwambia akaelewa. Mimi nilikuwa napewa kinu.

Tuliondoka na kopo lote. Jioni ile, barazani kwake, upepo ukivuma, alilehemu na kufunga. Akabana mita kwenye waya wa umeme, akageuza skrubu polepole: nafasi ikapungua, ikapungua, mpaka mshale wa mita ukaanza kupanda. Akarudisha kidogo. "Hapo," akasema. Akapiga wimbo mmoja. Vikombe vikatembea mezani vyenyewe. Tukiran akalia machozi, na hakujali nani anamwona.

Jumapili, jua la saa nane. Barabara imejaa kuanzia ofisi ya kijiji mpaka daraja la miwa. Lori letu mbele, na nyuma ya wachezaji wetu, kama mgeni mwalikwa, lori la Murtaji kutoka Karangtengger. Tukiran yuko kwenye vitufe vya muziki, shati jipya. Wiji amekaa kwenye kigoda kati ya jenereta na amplifaya, masikio ameziba kwa pamba, mita mkononi. Mimi niko juu ya masanduku yangu nashika turubai.

Tukiran akainua kidole. Akakishusha.

Jamani. Niliisikia kwenye mbavu. Majani ya mwembe wa shule yalidondoka kama mvua. Wasichana wa manyoya wakaruka, watoto wakapiga mayowe, na wazee wa kamati wakaanza kutikisa mabega bila ruhusa ya vyeo vyao. Sauti ilikuwa nene na safi, haina mkwaruzo. Mbah Lamiyem alisimama kwenye kona yake ameshika kifua kwa mikono miwili, macho kafumba, anatabasamu. Ratri alikuwa mabegani kwa mjomba wake, anapiga kelele "Hiyo ya mama! Hiyo ya mama!" kila mtu asikie, na hakuna aliyesikia.

Tukafika mbele ya jukwaa la wageni. Hapo kila lori husimama, na wachezaji wanaonyesha mchezo wao wote. Turubai lilikuwa limeshika joto mpaka siwezi kuweka kiganja. Nikamwona Wiji ametoka kwenye kigoda, amechuchumaa mbele ya amplifaya.

Mshale wa mita ulikuwa unapanda. Muziki ulikuwa kwenye sehemu ya polepole, filimbi tu, na mshale bado unapanda. Akagusa amplifaya, akautoa mkono haraka. Nikaisikia sasa hata mimi: chini ya filimbi, mngurumo mdogo. Chura.

Alinitazama. Sijui kusoma midomo, lakini neno hilo nililisoma: "Zinagongana."

Lori likayumba. Mtu alikuwa anapanda nyuma, mtu mzito. Pak Murtaji, sarong kaifunga kiunoni, jasho linamtiririka, ameacha lori lake na kupenya katikati ya wachezaji. Akapiga magoti kando ya Wiji, akamng'oa pamba ya sikio moja.

"Nafasi uliipima wapi?" akapiga kelele.

"Barazani!"

"Saa ngapi?"

"Jioni!"

"Kivulini? Mwanangu! Zile zangu juu ya banda la kuku, ulidhani naanika mihogo? Transista ikipata joto inachoka, inachelewa kutoka! Pima kwenye jua! Ongeza nafasi! Ongeza!"

"Ikiwa inapiga?"

"Utazima mbele ya mkuu wa wilaya?"

Wiji akachukua bisibisi. Lile tundu kwenye gundi nyeusi ni dogo kama la hereni sikioni, lori zima linatetemeka, na akikosea upande, ni pa! mbele ya kijiji kizima. Murtaji akaikumbatia amplifaya ya moto kwa mikono yake miwili, kaizungushia upindo wa sarong, ili isitikisike. Alikuwa anauma meno. Wiji akaingiza bisibisi. Akatazama mita.

Mshale ukasimama.

Akageuza tena, kiasi cha unywele. Mshale ukatetemeka kama unafikiri. Kisha ukaanza kushuka. Ukashuka. Ukashuka mpaka pale ulipokuwa jana barazani na ukapita kidogo, na yule chura akanyamaza, na ilibaki filimbi peke yake, safi kama maji.

Wiji akainua kidole gumba kumwelekea mumewe.

Tukiran alikuwa ametokwa jasho mpaka shati jipya limebadilika rangi. Akapumua. Akaachilia besi.

Sitaieleza. Waulizeni watu wa ng'ambo ya daraja, wao wanasema walidhani ni Kelud. Kwenye jukwaa, mkuu wa wilaya alishika kofia. Vigae viwili vya Mbah Lamiyem vilianguka, na mpaka leo anavionyesha kwa wageni. Wanaume wawili wa kamati ya kijiji kingine walikuwa tayari wananing'inia kwenye ubavu wa lori, wanapiga kelele tarehe zao.

Ndipo simu ya Wiji ikawaka mfukoni. Aliona jina, akanionyesha: Bu Hartini. Hakuweza kungoja Jumatatu. Wiji akapokea, akasema kitu, akacheka, kwa sababu hata yeye mwenyewe hakujisikia. Basi akainyoosha simu kwa mkono wote kuelekea ukuta wa spika, akaishikilia hapo. Baada ya muda simu ilikatwa kutoka upande wa pili.

Murtaji alikuwa bado amepiga magoti, anapuliza viganja vyake vyekundu. Akamvuta Wiji upindo wa blauzi, akaelekeza kidevu kwenye kile kisanduku cha jenereta, ambacho muda wote huo hakikukohoa hata mara moja.

"Na hicho!" akapaza sauti. "Ndani yake kuna nini?"

"Njoo Jumatatu!" Wiji akamjibu. "Tutanunua vipuri vyake pamoja, namba zikiwa wazi! Na uje na kahawa, peyek zipo!"